Somo: Kusubu chubwi za risasi za mshipi, hatua kwa hatua

Ukisubu, yaani ukiyeyusha na kumimina, chubwi zako mwenyewe (vizito vya kuzamisha mshipi) unachagua umbo na uzito unaofaa mkondo unaovua. Kazi si ngumu, ila inataka subira na joto. Nyingi ya chubwi mbaya, na hata ajali, hutokana na joto lisilodhibitiwa, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Mahali. Fanya nje, upepo ukikupiga kwa nyuma. Watoto, wajawazito na chakula wakae mbali kabisa. Vaa miwani ya kukinga, glavu za ngozi, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu wote. Nguo za nailoni hazifai, kwani tone la moto huziyeyushia mwilini.

Risasi yenyewe. Mabomba ya zamani na mabati ya risasi ya paa ni laini na yanafaa sana. Vizito vya magurudumu ya gari vichambue kimoja kimoja, maana vingine ni vya zinki au chuma. Kibane kwa koleo ya kukatia: risasi huumia mara moja, zinki hukataa. Betri za gari usiziguse hata ukipewa bure. Zina asidi, na sahani zake zikiyeyushwa na taka zake zikapata unyevu, huweza kutoa gesi zenye sumu kali.

Kuyeyusha. Tumia chungu cha chuma ambacho hakitarudi jikoni tena. Sufuria ya alumini hulegea kwenye joto na inaweza kupasuka ikiwa imejaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mimi hufanya kazi kati ya 370 na 400, nikiangalia kipimajoto. Ukibaki hapo, kipande cha zinki kilichopenya huelea bila kuyeyuka, kwa kuwa chenyewe hungoja hadi 420 hivi, nawe unakiondoa kwa kijiko. Ukizidisha moto, zinki huingia kwenye mchanganyiko na risasi nzima huwa kama uji mzito usiojaza kalibu (chombo cha kutolea umbo). Mafusho ya risasi nayo huongezeka.

Ikishayeyuka, tupia kipande kidogo cha nta ya mshumaa, koroga ukikwangua kuta za chungu, kisha engua taka. Nta hutoa moshi na inaweza kuwaka moto, usishtuke. Vumbi la taka hizo ndilo la kuogopwa kuliko mvuke, kwa kuwa linapeperuka na kuingia puani na mdomoni. Liweke kwenye kopo lenye kifuniko.

Kalibu. Ya alumini yenye vipande viwili inatosha. Ipake masizi ya mshumaa ndani, ipashe moto, weka kitanzi cha waya wa shaba mahali pake, ibane. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita, na uache kichuguu kidogo juu ya tundu: risasi husinyaa ikiganda na huvuta nyongeza kutoka hapo. Kichuguu kikishaganda, hesabu polepole hadi 20 ndipo ufungue.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, zangu zinatoka na mikunjo kama ngozi ya mzee. Shida nini?*

Kalibu yako ni baridi, ndugu. Zile za mwanzo hutoka hivyo kwa kila mtu, zirudishe chunguni. Zikianza kutoka nyeupe zenye chengachenga, sasa imezidi moto, ipumzishe kidogo.

*Naweza kutumia kalibu ya plasta?*

Unaweza, ila ikauke hadi ndani kabisa. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na tone moja chini ya risasi iliyoyeyuka hurusha chungu kizima usoni. Kwa sababu hiyo hiyo, usiongeze kipande kilicholala nje kwenye umande. Kipashe kwanza pembeni ya moto.

*Nitajuaje uzito kabla ya kusubu?*

Chonga mfano wa mti, uzamishe wote kwenye kikombe cha vipimo, uone maji yamepanda kiasi gani. Kila mililita 1 ni gramu 11 na kitu za risasi, kwa hiyo mililita 9 zitakupa karibu gramu 100.

*Kaka, ni halali kila mahali?*

Hapana, uliza sheria za unapovua. Uingereza ilizuia vizito vidogo vya risasi mwaka 1987 baada ya bata maji kuvimeza na kufa. Kwa vizito vidogo, mawe au chuma hufaa.

*Nikimaliza nifanye nini?*

Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sakafu ifute kwa kitambaa kibichi baada ya chungu kupoa, usifagie. Na zile chubwi ndogo zenye mpasuko, zibane kwa koleo. Najua wengi wetu tumezoea kuzibana kwa meno, acheni leo.