Somo: Kusaka mvumo na kelele kwenye amplifaya ya valvu uliyoijenga mwenyewe

Ampu ikivuma, usikimbilie kubadilisha vipuri. Sikiliza kwanza, kisha kata njia ya sauti kipande kwa kipande ukianzia upande wa spika kurudi kwenye jeki ya gitaa. Rekebisha pale tu ulipothibitisha. Kwenye ampu za kujengwa nyumbani, mpangilio mbaya wa graundi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme, volti sifuri) husababisha mvumo mara nyingi kuliko kipuri kibovu, na mtu anaweza kununua kapasita mpya zote na mvumo ukabaki palepale.

Mfano wetu ni 5F1, saketi ya Fender Champ ya miaka ya 1950, kwa sababu wengi huanza nayo: 12AX7 moja (yenye nusu mbili za kukuza sauti ya gitaa), 6V6 moja ya kusukuma spika na 5Y3 ya kugeuza AC kuwa DC. Namba za pini nitakazotaja ni za valvu hizo. Ampu kubwa zaidi husakwa kwa njia hiyohiyo.

Usalama

B+ ya ampu hii, yaani umeme mkubwa unaolisha valvu, hukaribia volti 350 za DC, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Kabla ya kugusa ndani: chomoa, unganisha rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 kati ya chanya ya kila kapasita kubwa na chasisi, hesabu hadi kumi, kisha pima. Endelea zikiwa chini ya volti 20. Ukipima umeme ukiwa umewashwa, tumia mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni. Usiwashe ampu bila spika, utaunguza transfoma ya spika.

Hatua ya 1: Tambua ni mvumo gani

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa 50 Hz. Mvumo wa 50 Hz hutoka kwenye hita (waya unaopasha valvu moto), kwenye sumaku ya transfoma au kwenye mzunguko wa graundi (graundi yenye njia mbili). Mvumo wa 100 Hz hutoka kwenye B+, kwa sababu 5Y3 hutumia pande zote mbili za wimbi.

Kuzitofautisha kwa sikio ni rahisi ukiwa na gitaa. Uzi wa sita ukibonyezwa freti ya tatu hutoa G ya 98 Hz. Mvumo wa 100 Hz utalingana nao, juu kidogo tu. Ule wa 50 Hz uko oktavu moja chini, sawa na freti ya tatu ya uzi mnene wa gitaa la besi. Sauti ikiwa na makali ya "zzz" juu ya mvumo, shuku graundi ya kapasita ya kwanza.

Sasa chomoa gitaa, zungusha voliumu. Mvumo ukipanda na kushuka nayo, chanzo kiko kabla ya voliumu, yaani kwenye jeki au nusu ya kwanza ya 12AX7. Usipobadilika, chanzo kiko baada yake.

Hatua ya 2: Kata njia ya sauti

Chukua kapasita ya 1 µF ya volti 630, ichomelee waya wenye klipu kila upande. Klipu moja iende graundi. Ya pili iguse gridi hizi (gridi ni mlango wa sauti wa valvu) kwa zamu, ukizima na kutoa chaji kila unapoihamisha:

- Pini 5 ya 6V6. Mvumo ukibaki uleule, tatizo liko kwenye 6V6 yenyewe, kwenye B+ au kwenye transfoma ya spika. Ukikatika, rudi nyuma.
- Pini 7 ya 12AX7, gridi ya nusu ya pili. Ukibaki hapa ilhali ulikatika kwenye 6V6, chanzo kiko kati ya sehemu hizo mbili.
- Pini 2 ya 12AX7, gridi ya kuingilia. Ukikatika hapa, angalia jeki na waya unaoingia.

Kuchomoa 12AX7 na kusikiliza kinachobaki nako kunafaa. Usichomoe 6V6 ukiwasha. Transfoma ya umeme ya 325-0-325 (volti 325 za AC kila upande wa waya wa katikati) ikikosa mzigo hupandisha B+ hadi kama volti 460, na kapasita nyingi za saketi hii ni za volti 450.

Hatua ya 3: Pima uchafu kwenye B+

Weka multimita kwenye AC, unganisha kapasita ya 0.1 µF ya volti 630 kwa mfululizo na ncha nyekundu ili DC isipite. Kwa mzigo wa miliampea 50 hivi na kapasita ya kwanza ya 16 µF, usishangae kukuta volti 7 hadi 10 za AC, ndio uchafu wenyewe, kwenye sehemu ya kwanza (penye kapasita hiyo). Baada ya rezista ya 10k na kapasita ya 8 µF, zinapaswa kushuka hadi sehemu ndogo ya volti moja. Baada ya 22k na 8 µF ya tatu, multimita ya kawaida isione kitu. Sehemu ya pili ikisoma volti nzima au zaidi, kapasita yake imekauka au haikuchomelewa vizuri.

Wengi hukimbilia kuongeza kapasita ya kwanza. 6V6 ina upinzani wa ndani wa ohmu 50,000 hivi, na transfoma ya spika inaonekana kwake kama ohmu 5,000. Kwa hiyo uchafu ulioko kwenye sehemu ya kwanza hugawanyika, na kama sehemu moja tu kati ya kumi na moja ndiyo huangukia transfoma. Skrini (gridi ya pili ya 6V6), pini 4, haina kinga hiyo. Uchafu wake hukuzwa na valvu. Skrini hulishwa na sehemu ya pili, kwa hiyo kuondoa 8 µF na kuweka 22 µF hapo hukupa utulivu mkubwa kwa bei ndogo. Kumbuka pia kwamba saketi hii ilichorwa kwa umeme wa Marekani wa 60 Hz. Kwenye 50 Hz kapasita hukaa muda mrefu zaidi bila kujazwa, na uchafu huongezeka kwa moja ya tano.

Hatua ya 4: Graundi

Hapa usiharakishe.

5Y3 haijazi kapasita ya kwanza kwa mkondo mtulivu. Huijaza kwa mapigo mafupi makali, mara 100 kwa sekunde. Mapigo hayo hurudi transfoma kupitia waya wa katikati wa 325-0-325. Chukua waya mwembamba wa sentimita 10: upinzani wake ni kama miliohmu 8. Pigo la ampea 0.2 likipita humo huacha zaidi ya milivolti moja na nusu. Gitaa lenyewe hutoa makumi ya milivolti. Ikiwa jeki ya gitaa inatumia waya huohuo kama graundi, ampu inakuza mapigo ya kuchaji pamoja na muziki. Hakuna kapasita itakayotibu hilo.

Mpangilio unaofaa ni huu. Waya wa katikati wa transfoma uende moja kwa moja kwenye hasi ya kapasita ya kwanza, usiguse chasisi njiani. Kutoka kwenye hasi hiyo, waya mmoja uende kwenye kundi la 6V6: rezista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) ya ohmu 470, hasi ya kapasita ya pili, waya mweusi wa spika. Kutoka hapo waya mmoja uende kwenye kundi la 12AX7: hasi ya kapasita ya tatu, rezista za kathodi za 1.5k, mguu wa chini wa voliumu, na mwisho jeki ya gitaa. Mnyororo wote uguse chasisi mahali pamoja tu, karibu na jeki.

Kosa linalofichika ni jeki yenyewe. Jeki ya chuma iliyokazwa kwenye chasisi tayari ni graundi. Ukiwa umeshaweka muungano mwingine karibu na transfoma, una njia mbili, na mvumo wa 50 Hz unapita kati yake. Tumia washa za plastiki kwenye jeki, au ifanye jeki iwe ndiyo muungano pekee.

Waya wa ethi wa kijani na njano ni jambo tofauti. Uwe na bolti yake karibu na unapoingilia umeme, rangi imekwanguliwa hadi chuma king'ae, washa yenye meno, nati imekazwa. Bolti ya transfoma haifai, hulegea.

Hatua ya 5: Hita

Nyaya za hita ni volti 6.3 za AC. Zisokote kwa kubana, zipitie kwenye kona ya chasisi, zifike soketi kutoka upande ulio mbali na gridi. Kwenye 12AX7 unganisha pini 4 na 5 pamoja, waya wa pili pini 9.

Transfoma isiyo na waya wa katikati upande wa hita itavuma kwa uhakika usipompa njia ya graundi. Weka rezista mbili za ohmu 100, nusu wati, kila moja kutoka waya wa hita kwenda graundi. Mvumo ukipungua bila kwisha, inua hita: kutoka B+ weka 220k ya wati 1, kisha 33k kwenda graundi, na 22 µF ya volti 100 sambamba na 33k. Pale zinapokutana kuna volti 45 hivi; zile rezista mbili za ohmu 100 ziunganishe hapo badala ya graundi. Hita ikiwa na volti za juu kuliko kathodi, elektroni haziruki tena kutoka hita kwenda kathodi. Faida ya ziada: 220k na 33k hutoa chaji ya kapasita zenyewe ukizima, ingawa bado lazima upime.

Hatua ya 6: Transfoma

Kabla ya kutoboa chasisi, washa transfoma ya umeme peke yake, nyaya zake zote za upande wa pili ukiwa umezifunga kwa tepu. Unganisha hedifoni kwenye nyaya za spika za transfoma ya spika, isogeze transfoma hiyo na kuigeuza hadi mvumo upotee, kwa kawaida viini vikiwa pembe mraba. Toboa hapo. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 Hz tu hupata joto na kumwaga sumaku nyingi kwenye 50 Hz, kwa hiyo soma lebo kabla ya kununua.

Hatua ya 7: Kelele nyingine

Kelele ya "shii" mara nyingi ni rezista ya anodi (upande wa valvu unaotolea sauti iliyokuzwa) ya 100k ya nusu ya kwanza ya 12AX7. Weka ya metali, wati 1. Voliumu inayokwaruza ikizungushwa ipimie DC: ukikuta hata volti moja, kapasita ya 0.022 µF inayoilisha inavuja. Valvu inayolia ikigongwa kwa penseli ibadilishe. Sauti ya "put-put" kama boti ni kapasita ya pili au ya tatu iliyokufa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Ampu yangu imetulia, lakini nikichomeka gitaa mvumo unaanza. Nikishika nyuzi unapungua.*

Marahaba. Ampu yako nzima. Punguza voliumu ya gitaa hadi sifuri: mvumo ukiisha, unatoka kwenye gitaa. Kupungua ukishika nyuzi kunaonyesha waya wa graundi wa daraja la gitaa umeunganishwa. Mwili wako ndio unaookota umeme wa hewani na gitaa halina ngao ndani. Bandika karatasi ya shaba kwenye shimo la pikapu, iunganishe na graundi. Kama ungeongezeka ukishika, ningekuambia ukague nyaya za jeki, huenda zimegeuzwa.

*Fundi, nikikata ethi kwenye plagi mvumo unaisha kabisa. Niache hivyo?*

Hapana, irudishe leo. Transfoma ikivuja kwenye chasisi, bila ethi volti 230 zinafika kwenye nyuzi unazoshika, na fyuzi haitakatika. Ulichokigundua ni kwamba graundi yako inagusa chasisi mahali pawili, au ampu imeunganishwa na kifaa kingine chenye ethi yake. Rudi hatua ya 4.

*Natumia sola na inveta ya bei nafuu. Mlio ni mkali kuliko nikiwa kwenye umeme wa kawaida.*

Inveta hiyo hutoa wimbi la ngazi, na ngazi hizo zina masafa mengi ya juu yanayopenya transfoma na kuingia hewani. Kuongeza kapasita hakutasaidia sana. Sogeza inveta na nyaya za betri mita kadhaa kutoka kwa ampu na gitaa, hakikisha hita zimesokotwa na zimeinuliwa. Tiba kamili ni inveta ya wimbi laini. B+ ikisoma chini ukiwa kwenye inveta, ni kwa sababu kilele cha wimbi lake ni kifupi.

*Niliweka 100 µF kapasita ya kwanza. Sasa 5Y3 inatoa cheche nikiwasha.*

Irudishe 16 au 22 µF na ubadilishe 5Y3, huenda imeshaumia. Kapasita kubwa hudai mkondo wa kuanzia ambao valvu hiyo haiwezi. Ongeza µF kwenye sehemu ya pili, rezista ya 10k inailinda valvu.

*Yangu haivumi. Inapiga mluzi mkali mara tu inapopata joto, hata voliumu ikiwa sifuri.*

Ng'oa mguu mmoja wa rezista ya 22k inayotoka spika kwenda kathodi ya pili ya 12AX7. Mluzi ukinyamaza, nyaya za spika za transfoma zimegeuzwa. Zibadilishane, kisha rudisha 22k. Baada ya kuirudisha, sauti ya gitaa ipungue kidogo. Ikipanda, bado zimegeuka.