Kuongoza klabu changa ya besiboli Mwanza kwa mfano wa Daktari Adams

Anayetaka kuanzisha klabu ya besiboli jijini Mwanza amtazame kwanza Daniel Lucius Adams, tabibu wa New York aliyejiunga na klabu ya Knickerbocker mwaka 1845, mwezi mmoja hivi baada ya kuundwa kwake, akachaguliwa kuwa rais wake mwaka 1847. Urais huo haukuwa wa kukalia kiti. Wanachama walivuka mto kwa kivuko kwenda kuchezea Hoboken, kama sisi tunavyovuka Kamanga, na mara nyingi Adams alifika akakuta watu wawili watatu tu. Hapo walicheza mchezo mdogo uliowatosha waliokuwapo. Nawe panga siku ya mazoezi, na usiiahirishe hata wakija wanne.

Kisha shughulikia mipira. Adams aliitengeneza kwa mikono yake, hata kwa ajili ya vilabu vingine vilivyokuwa vinaanza: vipande vya raba katikati, uzi ukazungushwa, na ngozi juu, kwa namna aliyoonyeshwa na fundi wa matandiko ya farasi. Huku kwetu, kata tyubu chakavu ya baiskeli vipande vyembamba, uvizungushie uzi wa nyavu huku ukiukaza kila mzunguko, hadi mzingo ukaribie sentimita 23, ndipo umpelekee fundi viatu auvike ngozi. Uzi ukilegea, mpira utakuwa kama kiazi kabla ya jua kutua.

Kupata mahali tambarare katika mji huu wa mawe ni kazi yenyewe, ila vipimo havina ugumu. Vituo ni pembe nne za mraba anazozikimbilia mchezaji kwa zamu, kuanzia pale anaposimama mpigaji. Kanuni za 1845 zilihesabu hatua 42 kutoka kwa mpigaji hadi kituo cha pili, pembe ya mkabala naye, na hatua ya mtu mrefu si ya mfupi. Mkutano wa vilabu wa mwaka 1857, ulioongozwa na Adams, ndio uliokata shauri kuwa kati ya kituo na kituo ziwe futi 90, yaani mita 27.43. Kigingi cha kwanza kipigwe anaposimama mpigaji, na kigingi cha pili mita 38.8 mbele yake, ndipo kituo cha pili. Chukua kamba ya mita 54.86, piga fundo katikati, funga ncha zake kwenye vigingi hivyo, kisha vuta fundo kulia hadi kamba ikaze: hapo ndipo kituo cha kwanza. Ukivuta kushoto, umepata cha tatu.

Katiba na usajili viulizie kwa afisa michezo wa wilaya.

Mwisho ni kupanga wachezaji. Mpira wa enzi ya Adams ulikuwa mwepesi mno kurushwa mbali, kwa hiyo alibuni nafasi ya mchezaji wa kupokea mipira kutoka kwa walio nyuma, mbali na mpigaji, na kuipeleka mbele kwenye vituo, akaicheza mwenyewe. Mipira yenu ikiwa myepesi, mchezaji huyo asimame nyuma kidogo ya vituo, kisha asogee kati ya kituo cha pili na cha tatu mtakapopata mipira mizito.