SOMO: Kuiga safari ya mwanga ndani ya tishu kwa programu huria ya MCX, kuanzia sifuri

Kipima oksijeni cha kidoleni hutuma mwanga wa nanomita 660 na 940 kupitia ngozi na damu. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba, kwa wagonjwa weusi, kifaa hiki hukosa kuonyesha upungufu wa oksijeni mara karibu tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ndiyo maana hesabu hizi zinatuhusu sisi moja kwa moja.

MCX imetokana na kazi ya Qianqian Fang na David Boas, iliyochapishwa mwaka 2009. Hufuata fotoni (chembe za mwanga) mojamoja kwa bahati nasibu: hatua, mgongano, kugeuka, kupungua nguvu. GPU (kadi ya michoro ya kompyuta) hufanya kazi hiyo kwa fotoni maelfu kwa wakati mmoja. Tutatumia pmcx, sura yake ya Python.

Hatua ya 1: Mashine

Huna kadi ya NVIDIA? Fungua daftari la Google Colab, badili aina ya mashine iwe T4 GPU, kisha andika:

```
!nvidia-smi
!pip install pmcx
```

Amri ya kwanza isipotaja kadi yoyote, usiendelee. Utapoteza muda bure.

Hatua ya 2: Jaribio ambalo jibu lake linajulikana

```
import pmcx, numpy as np
cfg = {
 'nphoton': 10000000,
 'vol': np.ones([60,60,60], dtype='uint8'),
 'tstart': 0, 'tend': 5e-9, 'tstep': 5e-9,
 'srcpos': [30,30,0], 'srcdir': [0,0,1],
 'issrcfrom0': 1,
 'prop': [[0,0,1,1],[0.005,1,0.01,1.37]],
 'isreflect': 0
}
res = pmcx.run(cfg)
s = res['stat']
print(100*s['energyabs']/s['energytot'])
```

Huu ni mchemraba wa milimita 60 kila upande. Kila mstari wa `prop` una namba nne: ufyonzaji, mtawanyiko, g (mwelekeo wa mtawanyiko), na n (kiasi ambacho mwanga hupinda). Mbili za kwanza ni kwa milimita moja. Mstari wa kwanza ni wa namba 0, yaani hewa ya nje. Wa pili ni wa vokseli (vijisanduku vidogo vinavyounda mchemraba) zenye namba 1.

Lazima upate karibu asilimia 17.7 ya nishati iliyofyonzwa. Ukiweka `isreflect` kuwa 1, itapanda hadi karibu 27, kwa sababu sehemu ya mwanga unaofika ukingoni sasa inarudishwa ndani. Usijenge kidole, kichwa wala titi kabla hujaziona namba hizi mbili kwenye mashine yako. Mfano wenye maumbo mengi hutoa picha nzuri hata ukiwa umekosea, na picha nzuri haikuonyeshi kosa liko wapi.

Hatua ya 3: Vipimo, mahali wengi wanapoanguka

Makala nyingi za tiba huandika ufyonzaji kwa sentimita moja. Gawa kwa 10. Pia huandika mtawanyiko uliopunguzwa, yaani mtawanyiko × (1 − g). Ukikuta 1.5 kwa milimita na wewe unataka g ya 0.9, mtawanyiko wa kuingiza ni 15. Ukiingiza 1.5 pamoja na g hiyo, tishu yako itakuwa angavu mara kumi kupita ukweli, na programu haitatoa onyo lolote.

Hatua ya 4: Tabaka la melanini (rangi ya ngozi)

Ngozi ya juu ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo vokseli ya milimita 1 haiwezi kuibeba. Tumia 0.05:

```
v = np.ones([200,200,200], dtype='uint8')
v[:,:,0:2] = 2
cfg['vol'] = v
cfg['unitinmm'] = 0.05
cfg['srcpos'] = [100,100,0]
cfg['prop'] = [[0,0,1,1],[0.03,15,0.9,1.4],[5.4,15,0.9,1.4]]
```

Zingatia: `srcpos` inahesabiwa kwa vokseli, lakini `prop` inabaki kwa milimita. Namba za tabaka la ndani ni za mazoezi tu. Ile 5.4 ina hesabu yake: kwa kanuni ya Steven Jacques, melanosomu (vifuko vidogo vya melanini) hufyonza 6.6×10¹¹ × λ^−3.33 kwa sentimita, λ ikiwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Kwenye 660 ni karibu 269. Melanosomu zikiwa asilimia 20 ya ujazo unapata 54 kwa sentimita, yaani 5.4 kwa milimita. Zikiwa asilimia 3, ni karibu 0.8. Kwenye 940 asilimia ileile 20 inatoa karibu 1.7 tu, kwa hiyo rangi ya ngozi haizuii mawimbi yote mawili kwa kiwango kimoja.

MASWALI

Swali: Ahsante kwa somo mkuu. Namba za `res['flux']` kwangu ni kubwa mno, laki na zaidi. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. Matokeo ya kawaida ni kwa sekunde. Zidisha kwa `tstep` (hapa 5e-9), au weka `'outputtype':'fluence'`.

Swali: Kompyuta yangu ya Windows ina kadi ya NVIDIA. Fotoni laki moja zinapita, milioni 100 skrini inazima kidogo kisha programu inakufa.

Jibu: Windows ikiona kadi inayoendesha skrini imekaa kimya zaidi ya sekunde 2, huianzisha upya. Ongeza thamani ya TdrDelay kwenye rejista kisha uwashe kompyuta upya, au gawa kazi katika mafungu madogo yenye `seed` tofauti na uchukue wastani. Tena jiulize kama unazihitaji zote: kupunguza kelele (kuyumba kwa matokeo) kwa nusu kunadai fotoni mara nne.

Swali: Mimi nina kadi ya AMD.

Jibu: `pip install pmcxcl`. Usanidi ni uleule.

Swali: Nataka kujaribu viwango kumi vya oksijeni. Niendeshe mara kumi?

Jibu: Mara moja inatosha kwa kila wimbi. Rudi kwenye mchemraba wa Hatua ya 2, ongeza kipokezi chenye nusu kipenyo cha 2, umbali wa milimita 20 kutoka chanzo:

```
cfg['detpos'] = [[30,50,0,2]]
cfg['issavedet'] = 1
res = pmcx.run(cfg)
L = res['detp']['ppath'][:,0]
w = np.exp(-0.005*L).sum()/cfg['nphoton']
```

Ufyonzaji hupunguza nguvu ya fotoni bila kubadili njia yake. Kwa hiyo, kwa kila kiwango cha oksijeni, badili ile 0.005 tu na upige hesabu upya. Kipokezi lazima kiguse ukingo wa tishu. Ukikizamisha ndani hutapata fotoni hata moja. Na zikifika milioni moja kamili, ongeza `maxdetphoton`, maana zilizozidi hazikuhifadhiwa.