Jinsi ya kusoma ukuta wa loesi

Loesi ni vumbi lililopeperushwa na upepo likatua na kurundikana. Kwa mbali ukuta wake huonekana wa manjano-kahawia kuanzia juu hadi chini, na wengi huishia kuandika "tabaka moja". Hilo ni kosa, maana matabaka yamo. Yamefichwa na ganda la nje tu.

Kwanza usalama. Loesi husimama wima hata mita nyingi, lakini ikilowa, chokaa na udongo wa mfinyanzi vinavyoshikilia chembe hulegea, matundu hufunga na ukuta huporomoka. Usisimame chini yake baada ya mvua, wala pale unapoona nyufa sambamba na ukingo.

Kwangua ukanda wenye upana wa sentimita 50, uingie ndani sentimita 20 hadi 30, mpaka ufikie udongo ambao mvua haijauosha. Pima kina kuanzia juu, ila sampuli chukua kuanzia chini kwenda juu, vumbi la juu lisije likachafua zile za chini.

Sugua kidogo kati ya vidole. Loesi huteleza kama unga na haikwaruzi kama mchanga. Chembe zake nyingi ni za milimita 0.01 hadi 0.05, hasa madini ya kwatzi, pamoja na feldispa, mika, kaboneti (yaani chokaa) na mfinyanzi kiasi. Kuhakikisha, ponda udongo, uuchanganye na maji na sodiamu heksametafosfeti katika mtungi, utikise dakika 5, kisha uuache utulie. Kwa kina cha maji cha sentimita 10, mchanga hutua ndani ya dakika moja. Chembe za kati huchukua takriban saa 8, na kinachobaki kikielea ni mfinyanzi. Usipoweka kemikali hiyo, chembe hushikamana na utadhani mchanga ni mwingi.

Sasa dondosha asidi hidrokloriki ya asilimia 10 kila sentimita 10, ukiwa umevaa miwani na glavu. Loesi yenye kaboneti huchemka mapovu. Ukifika kwenye mkanda mwekundu-kahawia usiotoa mapovu, usikimbilie kusema si loesi. Huo ni udongo wa kale: vumbi lilipopungua, mimea iliota, mvua ikashusha kaboneti. Tazama chini yake na mara nyingi utakuta vinundu vigumu vya chokaa, vingine vyenye maumbo kama vidoli. Vimetokana na chokaa hiyo iliyoshuka.

Katika Uwanda wa Loesi, China, mpishano huu unarudi nyuma takriban miaka milioni 2.6: vumbi jingi nyakati za baridi na ukavu, udongo nyakati za joto na unyevu.

Ukiona mistari myembamba au vipande vya changarawe, maji yaliisogeza loesi hiyo baadaye. Usiihesabu kuwa ya upepo. Makombe ya konokono wa nchi kavu yanaafiki upepo, ya wale wa majini yanaupinga.

Kutafuta chanzo, linganisha kuta kadhaa: kadiri unavyoenda mbali na chanzo, upande upepo ulikoelekea, tabaka huwa jembamba na chembe huwa ndogo zaidi. Kando ya Mississippi, Rhine na Danube, barafu ilisaga miamba, mito ikatandaza unga huo bondeni, upepo ukauokota pale maji yalipopungua. Nchini China vumbi lilitoka majangwa na milima ya kaskazini-magharibi.