Kuandaa Chakula cha Mchana cha Wastaafu na Mgeni Mzungumzaji
Chagueni siku isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakati pensheni imekwisha kuingia na mchango wa chakula haumlemei mtu. Mgeni aalikwe kwa barua mwezi mmoja kabla, akielezwa mada, muda wa dakika 30, na kwamba wengi wa wasikilizaji wake wamevuka miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma Tanzania. Afisa wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anayefafanua uhakiki wa wastaafu hujaza ukumbi kuliko mwanasiasa yeyote. Azungumze kabla ya chakula, kwa kuwa baada ya wali usingizi hushinda hoja. Mpishi aagizwe mapema kupunguza chumvi na kuwatengea wenye kisukari sahani zao, na kipaza sauti kijaribiwe mtu akiwa ameketi kiti cha nyuma kabisa.