Kuuvuka Msimu wa Baridi Uingereza kwa Mtunza Bustani Aliyeumia

Sisi tuliokua tukihesabu mwaka kwa masika na vuli hatukufundishwa kuuogopa upungufu wa mwanga. Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote hauuzidi ule mfupi kuliko yote hata kwa saa nzima, lakini London, ifikapo tarehe 21 Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na muda huo wote mara nyingi hujificha nyuma ya mawingu. Mwenye kishamba cha kukodi kutoka halmashauri, ambaye tangu Aprili amekuwa akitoka kazini na kwenda moja kwa moja kwenye matuta yake, hujikuta mwishoni mwa Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma, akirejea nyumbani gizani kila siku.

Akiumia katika kipindi hicho, matatizo mawili hushikana mikono. Maumivu humfungia ndani, kukaa ndani humnyima mwanga na mwendo, na unyonge unaofuata humfanya ayasikie maumivu kwa ukali zaidi. Mimi niliingia katika mzunguko huo Novemba moja, nilipolinyanyua gunia la samadi lililolowa mvua huku nikiwa nimegeuza kiuno, na kwa wiki tatu sikukanyaga shambani kwa hoja kwamba nisiyeweza kulima sina la kufanya huko. Hoja hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko gunia. Kwenda bustanini ni jambo moja na kufanya kazi bustanini ni jambo jingine, na aliyeumia anapaswa kuendelea na la kwanza, kadiri miguu inavyomruhusu, hata pale anapolazimika kuliacha la pili.

Kwa hiyo anza na mwanga. Panga kutoka nje kila siku kabla ya adhuhuri, hata kwa nusu saa, bila zana yoyote mkononi ikiwa mwili haujawa tayari: chukua chupa ya chai, kaa kwenye kiti mlangoni mwa kibanda, tazama ni wapi maji yametuama na ni mche gani umeng'olewa na upepo. Mwanga wa nje, hata wingu likiwa zito, huzidi mara nyingi ule wa taa za sebuleni, ambao macho yetu huudhani kuwa unatosha. Wapo wanaotumia taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakikaa mbele yake kwa takriban dakika 30 asubuhi bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha na msisimko wa kupita kiasi, amwone daktari kwanza. Taa hiyo haikupi vitamini D, ambayo ni suala jingine kabisa. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kuitengeneza ya kutosha, ndiyo maana huduma ya afya ya taifa hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Ni vema pia kuyajua mambo kwa majina yake. Sonona ya msimu, yaani unyonge mzito wa moyo unaorudi kila majira ya baridi, ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani, na dalili zake ni pamoja na kulala kupita kiasi, hamu kubwa ya vyakula vya wanga, kukosa nguvu na kujitenga na watu. Huo si uvivu wala upungufu wa imani, ingawa simu kutoka nyumbani zinaweza kukuambia hivyo. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mwone daktari wa familia; kwa walio England, huduma ya tiba ya mazungumzo hupatikana pia kwa kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwake. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, piga 116 123, namba ya bure ya Samaritans inayopokelewa usiku na mchana, na maisha yakiwa hatarini piga 999.

Kuhusu jeraha lenyewe, mazoea yetu yanahitaji kusahihishwa kidogo. Mguu ukiteguka kwenye ubao wenye utelezi, siku mbili tatu za mwanzo si za kukanda kwa maji moto wala za kuchua, kwa kuwa joto na kusugua huweza kuongeza uvimbe. Pumzisha kiungo, kiinue, na weka barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa muda usiozidi dakika 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Mgongo uliostuka haupendi kulazwa kitandani kwa siku nyingi, bali hupona vizuri zaidi ukiendelea kutembezwa polepole, na ukitaka kuukanda kwa chupa ya maji ya moto unaweza. Lakini ganzi sehemu za siri au matakoni, mkojo kukataa kutoka au kukuponyoka, au miguu yote miwili kulegea, ni mambo ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Mwiba au uma wa bustani ukikuchoma, safisha kidonda na uhakikishe kinga yako ya pepopunda imekamilika, kwa sababu vijidudu vyake huishi udongoni.

Utakaporudi kazini, pima kazi kwa dakika na usiipime kwa matuta. Mimi huitega saa ya jikoni ilie baada ya dakika kumi na kuiweka mfukoni, na huongeza nyingine tano pale tu ninapoamka kesho yake bila maumivu kuzidi. Kusubiri huko hadi asubuhi ndiko kugumu, maana mwili hudanganya ukiwa umepata moto. Ndoo ijazwe nusu, toroli liende safari mbili, na kazi za kupiga magoti zifanywe juu ya mto wa sponji. Mama zetu huinama kiunoni miguu imenyooka na kupalilia kutwa nzima, nami sisemi kwamba wanakosea, ila mwili uliokaa kwenye kiti cha ofisi na cha basi tangu Oktoba si mwili wao. Badala ya kulima, tandaza maboksi yasiyo na utepe wa plastiki juu ya magugu, kisha mimina mboji ya sentimita kumi hivi, ukiwa na msaidizi wa kubeba magunia. Ukifungua mfuko wa mboji ya dukani, elekeza mdomo wake mbali na uso wako na uvae glavu, kwani vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vinavyoshambulia mapafu.

Hakikisha pia kuna kitu kinachoota muda wote. Vitunguu saumu hupandwa Oktoba au Novemba, punje kwa punje, na huihitaji baridi ili vigawanyike vizuri. Sukuma wiki haisumbuki na sakitu, tena huwa tamu zaidi baada yake, na kuchuma majani machache hakuhitaji mgongo mzima. Kwa siku ambazo hata mlango unakushinda, otesha njegere kwenye trei dirishani ule vichipukizi vyake baada ya wiki mbili au tatu. Mwishoni mwa Januari panga viazi vya mbegu kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, mahali penye mwanga na ubaridi kidogo, na uvikague kila asubuhi. Vitakapokuwa na machipukizi mafupi ya kijani, mchana wa London utakuwa umefikia urefu wa saa kumi, na saa yako ya jikoni huenda imeshafika dakika arobaini.