Kwadi ya tu-stroki inatetema mpaka mikono inakufa ganzi? Anzia hapa

Umechomelea fremu ya kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) mwenyewe, umepachika injini ya tu-stroki (ile inayolipua mafuta kila mzunguko) uliyoitoa kwenye pikipiki, umepiga kiki ikawaka, raha tupu. Alafu unaendesha dakika kumi tu, vidole havina hisia, fenda imepasuka kwenye bolti na taa inaning'inia kwa waya. Hapo wengi wanakimbilia kukata vipande vya raba na kuvisokomeza chini ya injini. Subiri kwanza, raba zina wakati wake.

Kaa ukijua injini ya silinda moja LAZIMA itikisike, hakuna fundi wa kuiondolea hiyo kitu kabisa. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena, na kila ikigeuza njia inaivuta au kuisukuma fremu. Mbaya zaidi ukizidisha mizunguko mara mbili ile nguvu inazidi mara nne. Chukua injini kama ya Honda CR500 ambayo stroki yake (safari ya pistoni) ni 79 mm na haina shafti ya balansi (ya kupunguza mtikisiko), tuseme pistoni na kila kinachopanda nayo ni gramu 400, kwenye mizunguko 6000 kwa dakika unapata mvuto unaozidi kilo 600 unaopanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Vipande vizito vya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) vinameza sehemu tu ya huo mvuto, unaobaki unaingia kwenye mabomba ya fremu yako. Pacha (ya silinda mbili) kama Yamaha Banshee ina nafuu kwa sababu pistoni moja ikipanda nyingine inashuka, zinakatana, ila bado inabaki inayumba kushoto kulia maana pistoni haziko kwenye mstari mmoja.

Sasa kabla ya kushika spana, jua mtetemo unatoka wapi. Weka nyutro, kwadi imesimama, piga resi taratibu kutoka chini mpaka juu. Kama haitetemi hapo ila inatetema ukiwa mwendoni basi injini umeisingizia bure, kaangalie tairi, rimu, eksel na cheni. Kama inatetema na inazidi kadiri resi inavyopanda, hiyo ni injini yenyewe au ilivyofungwa. Na kama iko poa, inafika sehemu moja inachachamaa balaa, ukipita hapo inatulia, hiyo ni fremu inaitikia kama kengele. Hii ya tatu kwenye fremu za kujitengenezea ndo naionaga sana na ndo watu wanahangaika nayo bure wakifungua injini. Kuijaribu ni rahisi, chukua klampu nzito ibane kwenye bomba linalotetema zaidi alafu piga resi tena. Ile sehemu mbaya ikihama au ikipungua umempata mchawi, ongeza bomba la kukaza pembetatu hapo au badilisha urefu usioshikwa wa hilo bomba.

Ufungaji wa injini ndo kwenye utamu wote. Injini iliyofungwa moja kwa moja kwenye fremu inatakiwa iwe kama sehemu ya fremu, isiwe na mchezo hata kidogo, bolti ya M10 kwenye tundu lililopanuka kidogo tayari ni nyundo inayogonga mara mia kwa sekunde. Toboa tundu sawasawa na bolti, na lililokuwa yai weka bushi ya chuma, usizibe kwa kukaza zaidi. Pengo kati ya braketi na kifuko cha injini lijaze kwa washa nyembamba, usitumie bolti kuvuta braketi mpaka ziguse, ukifanya hivyo umeitia injini msongo na kesho utakuta ufa kwenye aluminiamu. Jaribio langu ni hili: kaza zote, alafu legeza moja moja, kila unayoilegeza inatakiwa itoke kwa vidole. Ikikwama na kuhitaji nyundo, mashimo hayako kwenye mstari. Na ukichomelea braketi injini ikiwa ndani, klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea iwe hapohapo kwenye braketi, isiwe kwenye injini, umeme ukipita kwenye beringi unazitoboa.

Halafu kile kipande kinachoshika hedi ya silinda kwenda kwenye bomba la juu, watu wanakiachaga eti injini imeshika vizuri huku chini. Jamani kiwekeni! Bila hicho silinda inayumba mbele nyuma kama mtu aliyeshikwa miguu tu.

Baada ya hapo ndo ufikirie ndani ya injini. Injini iliyowahi kunoki (pistoni kukwama) ni ya kushuku maana kranki ya tu-stroki imeunganishwa kwa presi na inaweza kujipinda kwenye pini. Itoe, iweke kwenye vitalu viwili vya V, izungushe ukipima inavyoyumba kwa dayali geji (saa ya kupimia), ikizidi 0.05 mm ipeleke kwa mwenye presi ainyooshe, na beringi kubwa badilisha hapohapo ukiwa ushafungua.

Ukiwa umeweka pistoni kubwa zaidi ya ya kiwandani balansi nayo imebadilika. Kuipima: weka kranki na konrodi yake (mkono unaoishika pistoni) bila pistoni juu ya reli mbili zilizopimwa kwa pimamaji, ning'iniza uzito kwenye jicho dogo la konrodi (tundu la upande wa pistoni) mpaka kranki itulie popote unapoiacha. Jumlisha huo uzito na uzito wa jicho dogo lenyewe (konrodi ikiwa mlalo, jicho dogo juu ya mizani), gawanya kwa uzito wa kila kinachopanda na kushuka. Mfano pistoni, pini, ringi na beringi yake ni gramu 420, jicho dogo 130, jumla 550, ukaning'iniza 180, basi 310 kwa 550 ni asilimia 56. Nyingi zinakaa kati ya 50 na 65. Pistoni ikizidi gramu 50 tu, 56 inashuka mpaka 52 hivi. Ila namba hii haiondoi mtetemo, inauhamisha kutoka juu-chini kwenda mbele-nyuma, unachagua upande ambao fremu yako inavumilia. Na ukitoboa kranki, mashimo yazibe kwa vipande vya aluminiamu vilivyokazwa kwa presi, shimo wazi linaongeza nafasi kwenye kifuko na mgandamizo wa chini ya pistoni unapungua.

Haya sasa raba. Zinafaa ila cheni inavuta injini nyuma kwa nguvu, kwa hiyo lazima uweke mkono wa kuizuia isisogee, la sivyo cheni inaruka meno. Binafsi naacha injini imekazwa na raba naziweka kwenye klampu za handeli na viguu vya kukanyagia, pamoja na vizito kwenye ncha za handeli.

Kabureta nayo isifungwe chuma kwa chuma, itumie mpira wake, kwa sababu ikitikiswa sana mafuta kwenye bakuli yanatoa povu, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inanoki wakati wewe unalaumu oili. Sailensa ishikwe kwa springi na raba, ukiichomelea kwenye fremu inapasuka shingoni.

Ukimaliza, paka kila nati mstari wa rangi unaovuka mpaka kwenye braketi. Endesha nusu saa, iache ipoe, angalia ni mstari gani umekatika, alafu kaza tena. Hiyo nati iliyosogea ndo ya kuanza nayo.